Mdomo Uliojaa Ubuyu

Kwetu mtu akiingia mtaani na upanga mkononi, ama anakwenda kukata majani ya ng'ombe, ama watu wafunge milango. Kwa hiyo siku binti yangu aliporudi kutoka shule, hapa hapa Silver Spring, Maryland, Marekani, akaniambia amechagua mchezo wa vitara, mimi nikafunga mlango. Nikazungusha na ufunguo.

"Mwanangu," nikamwambia, "mpira wa miguu umekukosea nini?"

Akacheka. Ana miaka kumi na mitatu, na Kiswahili anakielewa chote, hata kile ninachomnong'oneza mama yake gizani, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza, tena kile kinachopitia puani. Kwa hiyo maneno yake yote humu nimemsemea mimi. Ukikuta chumvi imezidi, chumvi ni yangu, mtoto hana kosa.

Mchezo wenyewe nikueleze upesi, maana mimi mwenyewe ulinichukua muda mrefu kuliko kujenga nyumba. Watoto wawili wanasimama kwenye njia nyembamba ya bati, wamevaa nyeupe tupu kama wapishi wa harusi, na usoni wamevaa chujio la chai, ila kubwa la kumeza kichwa kizima. Mgongoni kila mmoja kafungwa waya wa umeme, kama mbuzi aliyefungwa malishoni. Basi, wanachomana. Kitara hakina makali, kinapinda kama fimbo ya mpera. Ukimgusa mwenzio kifuani mashine inalia na taa inawaka, wa huku kijani, wa kule nyekundu.

Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Taa imewaka, pointi ni yako, tukale. Thubutu!

Zikiwaka taa mbili kwa pamoja, na zinapenda sana kuwaka mbili kwa pamoja, refa ndiye anasema nani alianza kushambulia. Aliyeanza ndiye anapewa. Na wale watoto wanakwenda kasi bwana! Ukipiga chafya, ukifungua macho unakuta mechi imekwisha na watu wanakunja viti. Refa anasimama pale, anafikiri kidogo, anapunga mikono kama anafukuza nzi kwenye maandazi, halafu anaelekeza upande mmoja. Upande huo sio wako. Nimetazama mchezo huu mpaka makalio yameota sugu, na sijawahi kuona refa anaelekeza upande wangu kwa haki. Anaelekeza kwa bahati.

Na usidhani ni mimi tu. Wazazi wa mchezo huu ni watu wa heshima zao, madaktari, wanasheria, watu wenye vikombe vya kahawa vikubwa kama ndoo za kuchotea maji. Wanakuja wametulia, viatu safi, salamu nyingi. Ngoja sasa refa aelekeze kule. Mama aliyekuwa anafuma sweta anasimama, sindano mkononi, na kusema kweli hapo yeye ndiye mwenye silaha ya hatari kuliko wote ukumbini.

Wakaleta video, eti ndiyo dawa. Mechi zikifika hatua za mwishoni, kamera inawekwa pembeni kwenye miguu yake mitatu. Mtoto asiporidhika na uamuzi, anachora kisanduku hewani kwa vidole, refa anakwenda kutazama marudio. Ila aombe mtoto mwenyewe. Kocha haruhusiwi, mzazi haruhusiwi, shemeji ndiyo kabisa. Na mtoto akiomba ikaonekana hana haki, nafasi yake imeungua. Dawa gani hiyo? Refa anatazama, anakuna kidevu, anatazama tena, anarudi, anaelekeza kule kule. Zamani tulikuwa tunasema refa haoni. Sasa tunasema haoni mara mbili.

Mimi mwenyewe video iliniponza. Ilikuwa kwenye mashindano ng'ambo ya mto, Virginia. Refa alikuwa binti mmoja kijana, nywele kazifunga kisogoni, koti la bluu limempwaya mabegani kama la kuazima. Niliambiwa anasoma chuo kikuu pale College Park. Binti yangu akagusa, taa mbili zikawaka, refa akaelekeza kule. Binti yangu akachora kisanduku. Refa akainama kwenye kiskrini chake.

Sasa mimi nimezaliwa Tabora, ila akili zimenikomalia Mbagala. Na Mbagala mpira tulitazama kwenye kibanda umiza, yaani chumba cha mabati chenye televisheni moja, mabenchi ya mbao, na watu mia tatu kwenye nafasi ya kuku kumi. Na kule, marudio yakionyeshwa, hakuna mtu anayebaki kwenye benchi. Mnainuka wote, mnasogea mpaka pumzi zenu zinafunika kioo ukungu, kila mtu na kidole chake. Marudio ni mali ya umma! Mtu akikaa kitako wakati wa marudio, tunamuuliza kama anaumwa.

Kwa hiyo mimi sikufikiri. Miguu ndiyo ilifikiri. Nikaruka kamba ya kuwazuia wazazi, nikaenda nikaingiza kichwa katikati ya refa na skrini yake, shavu kwa shavu.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha sokoni. "Kidogo tu. Hapo! Hapo hapo! Umeona mkono wa yule?"

Refa akageuza uso taratibu. Pua zetu zilikuwa karibu kubusiana. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi ya njano, akaniinulia. Mimi! Mzazi! Niliyevaa ndala!

Kurudi nyumbani, binti yangu hakutoa neno kutoka Virginia mpaka Maryland. Hata redio niliona imeogopa. Tulipofika, akaweka mfuko wake mezani, akasimama mbele yangu kama hakimu.

"Baba. Ukimwambia refa neno tena, huji kwenye mashindano yangu. Mpaka nimalize shule. Atanipeleka mama mkubwa."

"Neno gani?"

"Neno lolote. Moja tu."

"Hata samahani?"

"Hata samahani."

"Hata asante?"

"Baba. Hata asante."

Nikacheka, lakini ndani kitu kilikatika. Mimi kazi yangu ni kuosha masufuria kwenye jiko la nyumba ya wazee, masufuria ambayo unaweza kumwogeshea ndama. Naondoka yeye amelala, narudi yeye ameziba masikio na muziki wake. Jumamosi ya mashindano ndiyo siku pekee anakaa pembeni yangu kwenye gari, anakula mayai niliyomchemshia, ananipa soksi zake zinazonuka nizibebe kana kwamba mimi ni waziri wake wa soksi. Ukininyang'anya hiyo unaniachia nini? Nikae nyumbani nisimuliwe na shemeji?

Shemeji ndiye huyo mama mkubwa. Ni dada mkubwa wa mke wangu, anaishi Temple Hills, na kwa kuwa mke wangu Jumamosi yuko zamu ya kutunza wagonjwa, shemeji ndiye tunakwenda naye. Mwanamke ana vigelegele, aisee, akivipiga pale Temple Hills, ndege zinazoshuka mjini zinadhani zimeitwa. Na mimi ni shemeji yake, kwa hiyo kunitania kwake ni haki ya kuzaliwa.

Nilipomweleza hukumu niliyopewa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, wewe usinyamaze? Wewe uliyebishana na mashine ya tiketi pale stesheni ya treni?"

"Ilinikosea."

"Sikiliza. Huo mdomo wako hauwezi kufungwa. Unaweza kujazwa tu."

Akaingiza mkono kwenye pochi lake, pochi ambalo ukiliangusha linatoboa sakafu, akatoa mfuko wa ubuyu. Ubuyu wa Unguja, ule halisi, uliopikwa na sukari na pilipili na rangi nyekundu isiyojua sabuni. Alikuwa ameletewa na mtu aliyetoka nyumbani. Ubuyu hautafunwi. Unaumumunya, ndani yake kuna kokwa ngumu, na mtu mwenye kokwa tano shavuni hawezi kumtukana hata adui yake. Nikaona huyu mwanamke angezaliwa enzi za wafalme angekuwa mshauri wa ikulu.

Basi, Jumamosi ikafika. Mashindano yalikuwa upande wetu huku Maryland, kwenye ukumbi mmoja nyuma ya maghala. Tukapanga viti vyetu vya kukunja, shemeji kushoto kwangu na sambusa zake, mfuko wa ubuyu magotini kwangu. Kulia kwangu akakaa baba mmoja mrefu mwembamba, Mmarekani, mtu ambaye akikaa magoti yanafika masikioni. Alikuwa ameweka kamera yake binafsi ng'ambo ya njia ya bati, kwenye miguu mitatu, pembeni ya ile ya waandaaji na kubwa kuliko hiyo. Ningesema ilikuwa inaweza kupiga picha mwezini ikaonyesha nyayo.

Asubuhi ikapita salama. Binti yangu akashinda, akashinda tena, na mimi nikamumunya. Mchana tukafika mechi ya kuingia fainali. Nikaangalia nani anakuja upande wa pili, nikaona mtoto wa yule baba mrefu. Nikaangalia refa ni nani.

Koti la bluu. Linapwaya.

Na yeye akaniona. Akanitazama, akaitazama kamba inayotutenga, akaenda akaisogeza hatua moja zaidi mbali na skrini yake. Shemeji akanipiga kiwiko.

"Umeheshimiwa, shemeji. Umewekewa mpaka wako peke yako, kama nchi."

Nikataka kujibu. Nikaweka ubuyu.

Mechi ikaanza. Mpaka pointi kumi na tano. Taa mbili, refa anaelekeza kule, nikatupia ubuyu mmoja. Taa mbili tena, kule, nikatupia mwingine. Baba mrefu naye alikuwa hajaridhika hata kidogo, maana refa alipoelekeza kwetu, yeye alininong'oneza:

"Umeona ile? Umeona? Mtoto wangu ndiye alianza!"

"Mmh," nikasema.

"Huyu refa ni mtoto mdogo. Anakisia tu."

"Mmh."

"Afadhali wewe unanielewa."

"Mmh."

Tulikwenda hivyo mechi nzima. Kila alichosema mimi mmh. Wakati wa mapumziko akanigeukia, akaweka mkono begani kwangu, akaniambia tangu aanze kuja kwenye mashindano haya hajakutana na mzazi mwenye hekima na utulivu kama mimi. Shemeji sambusa ikamkwama kooni. Nilimpiga mgongoni mpaka ikatoka, ikaenda zake.

Wale mabinti walikuwa wamefanana nguvu. Mmoja akipata, mwenzie anapata. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kumi na tatu kwa kumi na tatu. Na mimi kila uamuzi ubuyu, kila uamuzi ubuyu, hata ule wa haki, kwa tahadhari. Mashavu yalikuwa yamejaa, ungeniona ungedhani chura anayejiandaa kuimba. Ndani ya mdomo kulikuwa na mto mwekundu umezuiwa na meno tu.

Kumi na nne kwa kumi na nne. Pointi moja imebaki.

Refa akasema anzeni. Binti yangu akarudi nyuma, akarudi, akarudi, nikadhani anarudi nyumbani. Yule mwenzie akamfuata. Halafu binti yangu, sijui alitoa wapi ule mguu, alijinyoosha kama mpira wa manati ulioachiwa. Nikaona kijani. Taa moja! Kijani peke yake! Hakuna cha nani alianza hapo, taa ikiwaka moja hata refa hana la kufikiri.

Mdomo wangu ukafunguka. Sikuufungua mimi, ulifunguka wenyewe kwa furaha, na haukutoa sauti yoyote, uliachama tu kama mlango wa banda. Na ule mto wote ukashuka. Kidevuni, shingoni, kwenye shati jeupe la Jumamosi, pamoja na makokwa, tap, tap, tap sakafuni.

Baba mrefu akageuka kunipongeza kwa hekima yangu. Akaniona.

"Damu!" akapiga yowe. "Damu! Huyu mtu anatoka damu! Meno yake yanaanguka!"

Refa akageuka, akaniona, akainua mkono juu: "Simama!"

Sasa ngoja nikueleze ubaya wa hilo neno. Refa akishasema simama, mguso unaokuja baadaye hauhesabiki. Na pale mashine ililia, baba mrefu alilia, refa alilia, vyote kama ngoma moja. Refa alipogeuka kutazama taa, taa inawaka kijani, lakini yeye hajui kama iliwaka kabla hajasema au baada. Akatikisa kichwa. Akasema amesimamisha kwanza, kwa usalama wa mtazamaji. Mguso umefutwa. Watarudia.

Umefutwa! Na aliyeufuta ni mimi, kwa mdomo niliojaza ili nisiharibu!

Kabla sijainuka, mtu wa huduma ya kwanza alikuwa ameshanifikia, bwana mnene mwenye glovu, akanilaza chini, akanijaza pamba mdomoni juu ya ubuyu uliobaki.

"Unaumia wapi? Umejing'ata ulimi?"

Nikatikisa kichwa.

"Ni pipi!" shemeji akamwambia. "Pipi ya kwetu!"

"Mama, tafadhali, rudi nyuma."

"Nakwambia ni pipi, we baba! Mwonje!"

Mimi niko chini, natazama dari, na ndani ya kichwa changu jambo ni wazi kama mchana. Mdomo wangu ulifunguka kwa sababu niliiona taa. Kwanza taa, ndipo mdomo, ndipo yowe, ndipo simama. Haiwezekani kuwa vinginevyo! Ningefurahia nini kabla ya taa? Neno moja tu lingetosha. Refa alikuwa hatua chache kutoka kwangu. Ningeitoa pamba, ningesema "taa," basi. Neno lenyewe fupi. Lilikuwa limeshafika nyuma ya meno, linabisha hodi.

Nikainua kichwa nimtafute binti yangu. Alikuwa amevua lile chujio, uso umemtoka rangi, ananitazama mimi, hatazami taa wala refa. Alidhani baba yake anakufa pale. Halafu macho yake yakashuka kwenye shati, yakaenda kwenye makokwa sakafuni, yakaenda kwenye mfuko mikononi mwa mama mkubwa. Akaelewa. Pembe za mdomo zikamcheza.

Nikamtolea macho kumwonyesha taa. Halafu nikakumbuka hata hiyo ni kama kusema, nikayafumba. Nikalala pale nimefumba macho na pamba mdomoni kama marehemu. Nikalimeza lile neno. Lilishuka na kokwa moja, na kokwa sikuisikia, niliusikia uchungu wa neno.

Halafu shemeji akaninong'oneza, "Shemeji, fumbua. Anachora."

Nikafumbua. Binti yangu alikuwa amenyanyua vidole, anachora kisanduku hewani, pole pole, pembe zote nne, kama fundi anayepima dirisha.

Refa akaenda kwenye skrini. Na hapo ndipo nilipata mtihani wa pili, maana marudio yalikuwa yanaonyeshwa, na miguu yangu ni ya Mbagala. Miguu ikaanza kusogea yenyewe pale chini, kisigino hiki, kisigino kile. Shemeji akanikanyagia suruali kwa kiatu chake cha kuendea harusi.

"Tulia hapo. Umma leo umelala."

Ile video haina sauti. Kwa hiyo "simama" haisikiki, na refa mwenyewe haonekani, yeye alisimama upande wa kamera. Nikasema moyoni, tumekwisha. Akatazama mara ya kwanza, amekunja uso. Akarudisha nyuma. Akatazama tena, akasogea karibu. Akarudisha tena. Mara nikaona mabega ya lile koti yanatikisika. Nikasema masikini, mtoto wa watu tumemliza. Kumbe anacheka! Anacheka ameshika meza kwa mikono miwili!

Maana kamera ilikuwa inatazama njia ya bati, na ng'ambo ya njia, katikati kabisa, kati ya wale mabinti wawili, nimekaa mimi. Mimi na mashavu yangu.

Refa akarudi. Akajikaza, akanyoosha koti, akajaribu kuweka uso wa kazi, akashindwa, akajaribu tena. Halafu akatoa maelezo ya uamuzi kwa sauti, kama wanavyotakiwa, na ukumbi mzima ukasikia:

"Taa ya kijani imewaka. Mzazi bado amefunga mdomo." Akavuta pumzi. "Kisha mzazi amefungua mdomo. Mimi nilisimamisha baada ya mdomo. Mguso unahesabiwa."

Akaelekeza upande wetu.

Sasa shemeji akaachia. Mechi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo hakuna kadi, na yeye alikuwa amevihifadhi vile vigelegele tangu asubuhi. Magari ya nje yakalia alamu yenyewe. Bwana wa huduma ya kwanza aliangusha mkasi. Mzee mmoja safu ya nyuma aliyekuwa amesinzia aliamka akapiga makofi, akauliza nani kaolewa.

Baba mrefu alikuwa amekwenda ng'ambo, ameinamia kamera yake kubwa. Akairudisha, akaitazama, akaitazama tena, uso umerefuka nao. Nikajua anatafuta namna ya kubisha, mimi nisingemlaumu, ningekuwa yeye ningebisha mpaka Jumatatu. Lakini akainuka, akaja.

"Hata yangu inaonyesha hivyo hivyo," akasema kwa huzuni. "Na inaonyesha wazi zaidi. Unaweza kuhesabu meno." Halafu akautazama mfuko wa shemeji. "Hiyo kitu... ni tamu?"

Shemeji akamtilia kiganjani. Akatilia bwana wa huduma ya kwanza, ambaye alisema kama mtaalamu lazima ahakikishe. Refa naye akapita, akasimama, akanitazama. Shemeji akamnyooshea mfuko.

"Chukua mwanangu, umefanya kazi ya Mungu leo."

Akachukua. Akaweka mdomoni. Pilipili ikampata, macho yakatoa machozi, akachukua mwingine.

Binti yangu alikuwa amefika. Amelowa jasho, kitara kwapani. Akanitoa pamba mdomoni mwenyewe, akaitazama, akaitupa.

"Hukusema kitu," akaniambia.

"Mmh."

"Hata ulipoona wamefuta pointi yangu."

"Mmh."

"Baba, sasa unaweza kusema."

Nikamwelekeza refa kwa kichwa, nikainua kidole kimoja. Neno moja? Akanielewa. Akageuza macho juu kama wanavyofanya watoto wa huku, lakini akakubali kwa kichwa. Basi nikamgeukia refa, nikajipangusa kidevu, nikasimama wima kama niko mbele ya bendera.

"Asante," nikamwambia.

Akajibu kitu, lakini meno yalikuwa mekundu tupu na sikuweza kusikiliza kwa kutazama. Ndiye alikuwa refa wa fainali pia. Alisimamia fainali nzima hivyo, amevaa koti la bluu na mdomo wa mtu aliyekula kuku mbichi. Kila alipofungua mdomo kusema anzeni, wazazi wa safu ya mbele walirudisha viti nyuma.

Fainali binti yangu alishindwa. Na nikwambie ukweli, refa alikosea. Taa mbili zile, nitazikumbuka mpaka kaburini, mtoto wangu alianza kushambulia juzi na yule mwingine alianza kesho yake. Baba mrefu alikuja kuniegemea sikioni, "Umeona ile? Umeona?" Safari hii alikuwa anamlilia mtoto wangu, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Nikachukua ubuyu, nikampa yeye mmoja, nikatia mmoja kwangu. Tukasema mmh wote wawili.

Jioni tukatoka kwenda kwenye gari. Shemeji mbele, bado anamsimulia mlinzi wa mlangoni, ambaye hakuwa ameuliza. Binti yangu alikuwa na medali ya fedha shingoni. Akafungua mlango, akakaa pale pembeni yangu, akavua viatu. Akavua soksi moja, akavua ya pili, akazikunja pamoja bila kunitazama, akanitupia magotini.

Zilikuwa zinanuka kama zimefufuka. Nikaziweka mfukoni mwa shati, shati lile lile jekundu, nikawasha gari.